Eti Kila Kitu Kinajiotea

Kutoka Uyole hadi Tukuyu kwa gari ni mwendo wa saa moja na ushei, na katika miaka yote niliyopanda na kushuka njia hiyo pamoja na wageni, sijamwona bado aliyefika Kiwira bila kulitamka neno hili. Barabara kwanza hupanda Uporoto, ubaridi ukaingia dirishani, mashamba ya viazi na pareto yakapita huku na huku. Ukishaivuka Isyonje njia huanza kuteremka, na hapo ndipo macho ya mgeni hutanuka. Migomba mpaka ukingoni mwa lami. Chai iliyokatwa sawasawa. Mlima Rungwe, wenye urefu wa zaidi ya mita 2,900, umejitanda ukungu wake na hautaki kuonekana wote. Mgeni hushusha kioo, huvuta pumzi ndefu, na husema: "Jamani, ninyi mmebarikiwa. Huku kila kitu kinajiotea!"

Nimelisikia kwa walimu na kwa madereva, kwa maofisa waliokuja kikazi na kwa Wazungu kupitia wakalimani wao. Husemwa kwa nia njema kabisa, na sisi wenyeji hulipokea kwa tabasamu, tukaongeza kwamba ni neema ya Mungu tu. Nimefika umri ambao maneno ya nia njema yananitia hofu kuliko matusi, maana tusi mtu hulijibu. Nasema neno hili ni la uongo. Nasema pia kwamba uongo huu una gharama, na wanaoilipa si wale wanaousema.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Aprili ya mwaka juzi nilimpokea shemeji yangu kutoka Dar es Salaam, mtu mwema, mkarimu, asiyeweza kumpita ombaomba bila kumpa kitu. Alikuwa na siku moja na nusu za kutembea. Tulikwenda Daraja la Mungu, mahali ambapo lava ya kale iliganda juu ya Mto Kiwira na maji yakajitoboa njia chini yake, akapiga picha. Tulikwenda Kijungu, tukapewa ruhusa langoni kwa kuwa pako ndani ya eneo la chuo cha magereza; akapiga picha pale maji yanapoingia katika shimo la mwamba kama uji unaotokota. Jioni, mvua ikinyesha, tulisimama penye soko la Kiwira anunue ndizi za kurudi nazo. Mama mmoja aliyejifunika kipande cha nailoni alitaja shilingi 12,000 kwa mkungu mkubwa. Shemeji akasema 6,000. Mama akasema, "Baba, ongeza kidogo." Shemeji akacheka, akamwambia kwa upole, "Mama, usinionee. Ndizi zenyewe huku zinajiotea tu, hata hamzimwagilii!"

Yule mama hakuwa na jibu. Jua lilikuwa limekwisha, na nadhani kwake kulikuwa mbali. Akasema, "Haya baba, lete." Na mimi niliyezaliwa huku, niliyekuwa nimesimama pale nikiwa na mwavuli, nilicheka pamoja na shemeji. Kicheko kile kimenikaa vibaya tangu siku ile.

Maana mimi najua mkungu unatoka wapi. Mama yangu mdogo, mdogo wake mama, ana migomba yake upande wa Busokelo, na nimekaa naye vya kutosha kuona mwaka mzima wa mgomba. Kuna shimo, linachimbwa kwenye mteremko ambako ukiteleza unakwenda nalo bonde zima. Kuna samadi; samadi hutoka kwa ng'ombe, na ng'ombe hula majani yanayokatwa kila siku ya Mungu na kubebwa kichwani, kiangazi na masika, Jumapili na sikukuu. Kuna kupunguza machipukizi, na hiyo ni kazi ya akili: ukiacha mengi mkungu unakuwa wa vidole vya mtoto, ukitoa lisilostahili umepoteza mwaka. Kuna kukata majani makavu, kuna kuegemeza mti mgomba uliobeba usije ukaangushwa na upepo wa usiku. Kuna fukusi anayetoboa mashina, kuna mnyauko unaoweza kulipita shamba zima. Baada ya hayo yote ndipo mkungu unakatwa, unabebwa kwa mguu hadi barabarani, unanyeshewa siku nzima, na mtu anayeshuka garini anauambia ulijiotea.

Na mvua yenyewe? Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nayo ndiyo inayosifiwa. Waulize wanaolima jinsi mvua ya namna hiyo inavyouchukua udongo usiozuiwa na kuupeleka Kyela bila nauli. Kinachojiotea Rungwe ni magugu. Hayo ndiyo yaliyobarikiwa hasa. Ukiyapa wiki mbili ya shughuli zako za mjini, hutalikuta shamba.

Sikatai kwamba udongo wetu ni mzuri. Tunakaa juu ya volkano. Mlima Rungwe ulilipuka kwa kishindo takriban miaka 4,000 iliyopita, ukamwaga majivu na yale mawe mepesi yenye matundu ambayo hata leo ukichimba msingi wa nyumba unakutana nayo. Kyejo, ulio kusini-mashariki yake, ulitoa lava yake ya mwisho karibu mwaka 1800, na habari zake wazee waliziachia wajukuu. Majivu hayo ni rutuba, hakuna ubishi. Lakini majivu peke yake hayajawahi kumpikia mtu mbalaga. Yako majivu mengi duniani ambayo juu yake hakuna kitu.

Uongo huu una historia, si wa shemeji yangu. Mwaka 1877 alipita kwetu balozi mdogo wa Kiingereza, Frederick Elton. Mwaka 1879 akapita Mskoti Joseph Thomson. Wote wawili waliandika kwa kuvutiwa mno: migomba, ng'ombe wanene, nyumba safi za mianzi, ua uliofagiliwa. Thomson aliiona nchi hii kama bustani ya furaha katika hadithi za Wayunani. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza: ua ule ulifagiliwa na nani? Mianzi ile ilisukwa na nani? Wanyakyusa wanaume walikuwa wakilima kwa jembe, kazi ngumu ya kupindua nyasi na kuzifukia ndani ya matuta ili zioze, ndiyo maana wapitaji walikuta mashamba si pori. Lakini mpitaji huona matokeo akadhani ni hali ya nchi, kama anavyodhani kwamba mke wa rafiki yake huamka akiwa amekwisha kupika.

Wapitaji wakaondoka, na sifa zikabaki vitabuni. Hazikuwazuia watu kuhama. Katika miaka ya 1930 vijana wa hapa walijazana kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Baadaye wakavuka mpaka kwenda kwenye shaba ya Zambia, na wengine hadi migodi ya Afrika Kusini. Mwaka 1958 mtafiti Gulliver alichapisha kitabu kizima kuhusu ardhi ya Wanyakyusa, na habari yake kubwa haikuwa neema. Ilikuwa uhaba wa ardhi, na jinsi uhaba huo ulivyobadilisha desturi za kurithishana. Nchi ambayo kila kitu kinajiotea haina sababu ya kuwatuma vijana wake chini ya ardhi ya watu wengine. Lakini nani katika basi la watalii amemsoma Gulliver?

Hapo ndipo nasema gharama ipo. Ukishaamini kwamba ndizi imejiotea, bei yoyote utakayotoa ni sadaka. Ukishaamini kwamba kiazi cha Uporoto ni zawadi ya ukungu, huoni haya kumfungia mkulima lumbesa, gunia lenye kilemba kinacholingana na nusu ya gunia jingine, na kulilipa kama gunia moja. Sheria ya vipimo imelikataza hilo, na katazo limerudiwa mara nyingi, na kilemba kimeendelea kushonwa. Dalali wa maparachichi anayekuja na bei mfukoni mwake husema lilelile, kwamba miti hii mliipanda mara moja tu, sasa mnavuna bure. Hata msitu huingia katika hesabu hiyo. Msitu unaojiotea unaweza kukatwa leo, kesho utaota tena! Wakati maji ya Kiwira, ya Mbaka na ya Lufilyo, yanayowafikia watu mpaka Ziwa Nyasa, hutoka katika milima hii hii, na mlima uliovuliwa miti haurudishi chemchemi kwa sababu mtu ameusifu.

Tena mpitaji hasikilizi. Mfano wangu ni kipunji. Desemba 2003 watafiti walimthibitisha nyani huyu mwenye mkia mrefu katika misitu ya Rungwe. Mei 2005 habari zake zikatoka katika jarida kubwa la sayansi, pamoja na za wenzao waliomwona kule Udzungwa. Mwaka 2006 ikaonekana kwamba hafanani na jenasi yoyote iliyojulikana, akapewa yake, Rungwecebus. Dunia ikatangaziwa kwamba mnyama mpya amegunduliwa. Mpya kwa nani? Jina la kipunji ni la Kinyakyusa, na watafiti wenyewe, nawapa haki yao, wameeleza kwamba waliuanza msako kwa kuwasikiliza wawindaji wa vijijini waliokuwa wakimtaja. Wale walisikiliza, wakapata. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha wamebaki kama 1,100 tu, na mwaka uliofuata Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Hayo ndiyo matunda ya kukaa mahali na kuuliza. Ni watembezi wangapi wa siku moja na nusu wanaojua kwamba walipita chini ya mnyama huyo?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 katika kuueleza Ujamaa, na alikuwa akisisitiza kazi. Mimi leo nina shida nyingine nayo: wageni wetu hawafiki siku ya tatu! Tangu uwanja wa ndege wa Songwe ufunguliwe mwaka 2012 imekuwa rahisi zaidi kuruka asubuhi, kulipiga picha Ziwa Ngozi kutoka ukingoni, na kulala Mbeya. Ngozi yenyewe ina urefu wa karibu kilomita mbili na nusu, imezama ndani ya shimo la volkano, na njia ya kuifikia hupita katika msitu wa mianzi na migomba-mwitu. Ukifika juu ukiwa umeloa jasho na ukungu, na maji ya kijani yakajifunua ghafla chini ya miguu yako, hutasahau. Siwalaumu wanaokuja kuiona. Nawalaumu wanaoiona na kudhani wameiona Rungwe.

Iko nchi moja ya mbali ambayo huwa naifikiria kila nikipita Kiwira. Ni Dominica, kisiwa cha Karibi kidogo kuliko Rungwe na Busokelo zikiunganishwa, chenye kilomita za mraba 750 hivi. Ukipewa picha zake bila jina utaapa ni kwetu: milima ya volkano, ukungu, mvua isiyokwisha, migomba mpaka kileleni, ziwa linalochemka ndani ya msitu. Wakulima wake wadogo walipeleka ndizi Uingereza kwa miaka mingi kwa utaratibu wa upendeleo, mpaka kampuni kubwa za ndizi na serikali ya Marekani zikalalamika, na mwaka 1997 Shirika la Biashara Duniani likaamua kwamba utaratibu ule hauruhusiwi. Wengi waliweka majembe chini. Wakabaki na sifa ya kijani chao, na meli kubwa za watalii zinazotia nanga Roseau asubuhi na kuondoka jioni, abiria wakiwa wameona maporomoko na kununua fulana. Hiyo ni Daraja la Mungu na Kijungu, ila kwa meli.

Lakini watu wale walifanya jambo ambalo natamani tungeliiba. Mwaka 2011 walifungua njia ya miguu ya kilomita 185 hivi, ikikatiza kisiwa kutoka kusini hadi kaskazini, nyingine zikiwa njia za kale za watumwa waliotoroka na za wakulima wenyewe. Wakaiita Waitukubuli, jina ambalo wenyeji wa asili waliita kisiwa chao kabla Wazungu hawajakibatiza. Imegawanywa vipande 14, kila kimoja kiasi cha mwendo wa siku. Mtu anayeitembea yote hawezi kuondoka jioni. Lazima alale vijijini, ale kilichopikwa kijijini, aulize njia, na aone nani anashika panga. Mwaka 2017, usiku wa tarehe 18 Septemba, kimbunga Maria kiliipiga nchi ile, na asubuhi yake milima ilikuwa ya kahawia, haina hata jani. Kijani chote kile kinachodhaniwa kuwa hakiwezi kwisha kiliondoka kwa usiku mmoja. Misitu ikaanza kurudi yenyewe, hilo kweli. Bustani za watu, mapaa yao na njia zao hazikurudi zenyewe.

Wapo watakaoniambia kwamba nawafukuzia watu biashara. Kwamba mgeni ni mgeni, mwache aseme atakalo maadam ameacha fedha. Ni fedha gani? Mgeni wa saa nne huacha kiingilio na chupa ya maji. Anayelala usiku tatu Mwakaleli au Masoko, akanunua maziwa, akamlipa kijana wa kumwonyesha njia, akanyeshewa na akakaushiwa nguo jikoni kwa mtu, huyo ndiye anayeacha fedha, na huyo hatalitamka tena lile neno. Ndugu mmoja mwenye hoteli alinijibu kwamba wageni hawataki matope. Nikamwuliza kama amewahi kuwauliza. Hakuwa amewahi.

Lakini wa kulaumiwa zaidi ni sisi, wana wa Rungwe tuliosoma na kuhamia mijini. Desemba tunapanda, tumevaa makoti mapya. Tunakaa Krismasi na Mwaka Mpya, tunawaambia watoto wetu waliozaliwa Mbezi na Tabata watazame jinsi nyumbani kulivyo kuzuri, halafu tunarudi. Fungua buti la gari lolote letu tarehe 2 Januari: mkungu, maparachichi, magimbi, dumu la maziwa mgando, kuku wawili waliofungwa miguu. Nani ameyalipia? Wamama wanasema chukua mwanangu, na sisi tunasema ndaga fijo, na tunachukua. Mwaka baada ya mwaka nimelijaza buti langu kutoka kwa mama yangu mdogo, mwanamke aliyepita miaka sabini, na haikunijia kamwe kwamba kuna mtu alikata majani ya ng'ombe siku zote 365 ili buti lile lijae. Nilimtetea yule mama wa Kiwira moyoni, wakati nyumbani kwetu nilifanya baya zaidi. Shemeji angalau alitoa 6,000.

Zamani kutembeleana kwetu kulikuwa na neno lake, ukwangala, kukaa pamoja kwa raha. Monica Wilson, aliyeishi huku na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alilipa neno hilo nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 1951. Ukwangala ulikuwa na kula, na kimpumu chunguni, na mazungumzo marefu. Lakini waliokaa kukwangala walikuwa watu waliolima pamoja. Mtu aliyekuja kunywa tu alijulikana, na alikuwa na jina lake pia, ambalo sitaliandika humu.

Nataka basi mambo machache, na nayataka waziwazi. Njia ya miguu ya siku tatu au nne, kutoka msitu wa Ngozi kuzunguka Mlima Rungwe hadi Mwakaleli na Masoko, yenye majina yetu na nyumba za kulala zinazomilikiwa na wanavijiji. Waongozaji wetu waache hadithi ya hazina ya Wajerumani iliyotupwa ziwani, ambayo kila mgeni huambiwa, na badala yake wamwonyeshe mgeni shimo la mgomba na wamwambie linachimbwaje. Anayewaandikia wageni vipeperushi asiandike tena Uswisi ya Tanzania. Uswisi hawaiiti nchi yao Rungwe ya Ulaya. Na sisi wa Desemba tulipie buti zetu, kwa bei ya Kariakoo.

Shemeji ameniandikia kwamba Aprili anakuja tena, safari hii na watoto. Nimemjibu kuwa waje na buti za mvua, na gari litabaki Tukuyu. Siku ya kwanza tutapanda Ngozi. Ya pili tutapumzika Busokelo, maana miguu itakuwa inawauma. Siku ya tatu kuna samadi ya kuhamisha kutoka zizini hadi migomba ya chini, ambako njia ni telezi. Mama mdogo nimeshamwarifu. Ameuliza watoto hao wana umri gani.